Miguu Kufa Ganzi Baada ya Mazoezi: Namna ya Kutambua Chanzo na Kupata Tiba Iliyo Salama

Ganzi inayokuja miguuni wakati wa mazoezi au muda mfupi baada yake ina sababu nyingi, na sababu hizo hazilingani kwa uzito. Ipo inayotokana na kamba za raba zilizokazwa mno, ambayo huisha kwa kuzilegeza, na ipo inayotokana na kisukari kilichokaa mwilini miaka kadhaa bila mwenyewe kujua. Wakazi wengi wa Dodoma wanaokimbia asubuhi kuuzunguka mji, au kupanda na kushuka barabara za Chuo Kikuu cha Dodoma, wakipatwa na hali hii huenda moja kwa moja kwenye duka la dawa kuomba vidonge vya mishipa au sindano. Mwongozo huu unafuata njia nyingine: kwanza uichunguze ganzi yenyewe, ujue inaanza lini, inakaa wapi na inaisha vipi, kisha ndipo uchague tiba. Majibu ya maswali hayo matatu huelekeza kwenye chanzo mara nyingi kabla ya kipimo chochote cha maabara.

Hatua ya kwanza: Hakikisha kwamba si dharura

Ikiwepo dalili yoyote kati ya hizi zifuatazo, acha kusoma na uende hospitali siku hiyo hiyo. Ganzi inayoshika sehemu za siri na eneo linalogusa kiti unapokaa, hasa ikiambatana na kushindwa kukojoa, kutoweza kuzuia haja au udhaifu wa miguu yote miwili, huashiria kwamba fungu la mishipa ya fahamu lililo chini ya uti wa mgongo limebanwa, na likikaa limebanwa kwa muda mrefu huenda lisirudi katika hali yake hata baada ya upasuaji. Ganzi ya ghafla ya upande mmoja wa mwili, pamoja na mdomo kwenda upande au maneno kutotamkika sawasawa, ni dalili ya kiharusi. Mguu mmoja uliopoa ghafla, ukapauka na kuuma sana, yawezekana ateri yake, yaani mshipa unaoupelekea damu, imeziba. Kigimbi kilichovimba na kuwa kigumu, ambacho maumivu yake yanazidi ingawa umepumzika na huongezeka mtu anapokukunja au kukunyoosha vidole, kinahitaji kuonwa na daktari wa upasuaji ndani ya saa chache. Hali kadhalika ganzi inayopanda kutoka nyayo kuelekea mapajani kwa siku chache huku miguu ikilegea, na mkojo wenye rangi ya chai ya rangi baada ya mazoezi makali, ambao ni ishara kwamba misuli imeharibika na figo ziko hatarini. Anayeishi mbali, tuseme vijiji vya Bahi au Mpwapwa, asisubiri kupambazuke ili aone kama itapungua, kwa kuwa katika hali hizi saa zinazopotea njiani tayari ni nyingi.

Hatua ya pili: Andika inaanza lini, inakaa wapi, inaisha vipi

Chukua daftari, na kwa wiki mbili andika baada ya kila zoezi. Wengi wataona ni kazi ya ziada, lakini daktari yeyote mzuri atakuuliza mambo haya, na kumbukumbu ya kichwani hupotosha.

Kuhusu muda, angalia hivi. Mtu anayeanza mazoezi baada ya kukaa muda mrefu bila kujishughulisha huweza kuhisi mapaja yakitekenya na kuwasha ndani ya dakika za mwanzo, kwa sababu mishipa midogo ya damu inatanuka na mwili unatoa histamini, kemikali inayoleta mwasho. Hali hii huisha yenyewe kadiri mwili unavyozoea, isipokuwa ikija na mabaka ya ngozi, kuvimba midomo au kubanwa kifua, ambapo ni mzio unaohitaji hospitali. Ganzi ya wayo inayoanza kila mara katika umbali ule ule, kigimbi kikiwa kimekaza kana kwamba ngozi yake imekuwa ndogo, kisha ikapungua baada ya mapumziko ya dakika kumi hadi ishirini, huelekeza kwenye shinikizo ndani ya vyumba vya misuli ya mguu, yaani mafungu ya misuli yaliyofungwa ndani ya utando, tatizo linalowapata zaidi vijana wanaokimbia sana. Maumivu ya kigimbi yanayomsimamisha mtu anapotembea, hasa kwenye mwinuko, na kuisha dakika chache baada ya kusimama tu, humfanya daktari afikirie ateri zilizosinyaa, na zaidi kwa mvutaji sigara au mwenye kisukari.

Inafaa kutofautisha hali hiyo na ile ya mfereji wa uti wa mgongo kuwa mwembamba, ambayo huwapata watu wa umri mkubwa na mara nyingi huchanganywa nayo. Mwenye tatizo la ateri hupata nafuu akisimama wima. Mwenye tatizo la mfereji hapati nafuu mpaka akae au ainame, ndiyo maana anaweza kuendesha baiskeli kutoka Nala hadi mjini bila shida, kwa kuwa ameinama, lakini akashindwa kutembea kwa miguu kipande kifupi cha njia hiyo.

Kuhusu mahali, chora unyayo na mguu kwenye daftari na utie rangi sehemu yenye ganzi. Ikiwa iko kati ya kidole cha tatu na cha nne, pengine pamoja na hisia ya kukanyaga kijiwe, shuku mshipa wa fahamu ulionenepa katikati ya mifupa ya vidole. Ikiwa iko juu ya unyayo hadi kidole gumba, inaweza kutoka kwenye mzizi wa tano wa mishipa ya fahamu ya kiunoni au kwenye mshipa unaozunguka mfupa wa nje chini ya goti. Ikiwa iko ukingo wa nje na kidole kidogo, inaelekea mzizi wa kwanza wa chini ya kiuno. Ganzi ya upande wa nje wa paja peke yake husababishwa mara nyingi na mkanda, suruali ya kubana au uzito wa tumbo unaokandamiza mshipa wa ngozi ya paja. Ganzi ya miguu yote miwili kwa usawa, iliyoanzia vidoleni na kupanda polepole kama soksi, haitokani na mazoezi hata kama umeitambua mazoezini, na wenye ganzi ya namna hii waende hatua ya saba.

Hatua ya tatu: Jipime nyumbani kwa mikono

Mwombe mtu wa nyumbani akusaidie. Ufumbe macho, naye aguse kwa wepesi ncha ya kidole cha kwanza, cha tatu na cha tano cha kila mguu kwa sekunde moja au mbili, bila kukandamiza na bila kusugua, wewe ukitaja kila unapoguswa. Ukikosa kuhisi sehemu mbili au zaidi kati ya hizo sita, hisia za miguu yako zimepungua na unahitaji kuonwa na daktari. Kipimo hiki hutumika kwa wagonjwa wa kisukari, hakigharimu chochote, na ningependa kila familia yenye mgonjwa wa kisukari iwe nacho.

Kisha tafuta mapigo ya damu juu ya unyayo na nyuma ya kifundo cha ndani, ukilinganisha mguu mmoja na mwingine. Kukosekana kwa mapigo upande mmoja, pamoja na ngozi baridi isiyoota vinyweleo, ni jambo la kumweleza daktari. Mwisho, tembea hatua kadhaa kwa visigino, halafu kwa vidole. Mguu unaoshindwa kuinua vidole au kukuinua kwa vidole una udhaifu, na udhaifu ni jambo zito zaidi ya ganzi.

Hatua ya nne: Rekebisha viatu na namna unavyokaa

Ganzi nyingi za wakimbiaji huishia hapa. Raba nyingi tunazokimbilia ni za mtumba, na tatizo lake si kwamba zimevaliwa na mtu mwingine, bali ni kwamba soli ya ndani imeshashindiliwa ikafuata uzito na mwendo wa mwenye kwanza. Iweke raba mezani uiangalie kwa nyuma: ikiegemea upande mmoja, au ukiikunja ikapinda katikati badala ya sehemu ya vidole, iache hata kama sura yake bado ni nzuri. Nunua jioni, wakati miguu imetanuka, ukiwa umevaa soksi utakazokimbilia, na uache nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Upana wa mbele ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa vidole vilivyobanwa huibana mishipa iliyo kati yake, na miguu iliyokua ikitembea peku au kwa kandambili huwa mipana kuliko viatu vingi vilivyotengenezwa.

Ikiwa ganzi iko juu ya unyayo, toa kamba kwenye matundu ya sehemu inayobana, uipitishe wima pembeni badala ya kuikatiza, kisha ufunge kama kawaida. Ikiwa iko kati ya kidole cha tatu na cha nne, weka kipande laini cha sponji ndani ya kiatu, nyuma kidogo ya sehemu nene ya wayo na si chini yake kabisa, ili mifupa itanuke kidogo. Wiki tatu au nne za mabadiliko haya zinatosha kuonyesha kama ndiyo tiba yenyewe.

Waendesha baiskeli wanaopata ganzi kwenye kinena wapunguze mwinamo wa kiti, wakishushe hadi goti libaki na mkunjo mdogo pedali ikiwa chini, na wainuke kitini kila baada ya dakika kumi. Ganzi ya namna hii huisha haraka mtu akisimama; isiyoisha, au inayoathiri haja ndogo, irudishwe kwenye hatua ya kwanza.

Lipo pia jambo la kazi kabla ya mazoezi. Anayepogoa zabibu Hombolo au Mpunguzi, au anayepalilia karanga, huchuchumaa kwa saa nyingi, na kuchuchumaa hukandamiza mshipa wa fahamu unaopita nje ya goti. Akitoka hapo akaenda kucheza mpira jioni, ganzi anayoipata uwanjani ilianza shambani. Dawa yake ni kusimama na kunyoosha magoti mara kwa mara wakati wa kazi, au kukalia kigoda kifupi, na kuacha kukunja nne anapopumzika.

Hatua ya tano: Maji, chumvi na pumzi

Dodoma hupata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka, hewa ni kavu, na upepo wa kiangazi hukausha jasho kabla mtu hajajua kama ametoka jasho. Mtu anaweza kumaliza mbio ndefu fulana ikiwa kavu, akaamini hakupoteza maji, kumbe amepoteza mengi pamoja na chumvi. Upungufu huo huleta kukaza kwa misuli, uchovu na wakati mwingine ganzi. Kunywa maji kidogo kidogo kuanzia kabla ya zoezi, na kwa zoezi linalozidi saa moja tumia mchanganyiko wa lita 1 ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa figo au kisukari aulize kwanza kwa daktari wake. Usinywe maji matupu mengi mno kwa mpigo, kwa kuwa kuipunguza chumvi ya damu kupita kiasi ni hatari kwa ubongo.

Ganzi inayoshika pia vidole vya mikono na kuzunguka mdomo, katikati ya zoezi kali au hofu, mara nyingi hutokana na kupumua haraka kuliko mahitaji, jambo linaloshusha hewa ya ukaa katika damu. Simama, vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe ukihesabu hadi sita, na kwa kawaida itaisha ndani ya dakika chache. Mji wenyewe uko takribani meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, mwinuko ambao haumletei mtu mzima ganzi, hivyo asisingizie hewa ya juu. Wanaokwenda jimu waangalie pia unga wanaokunywa kabla ya zoezi: wenye beta-alanini, kirutubisho cha kuongeza nguvu za mazoezi, husababisha kutekenywa kwa ngozi kwa muda, na kupunguza kipimo hutosha.

Hatua ya sita: Mgongo na kigimbi

Ganzi inayoshuka kutoka kwenye kalio kupitia nyuma ya paja hadi wayo hutoka mgongoni mara nyingi zaidi kuliko mguuni. Punguza kukimbia kwa wiki chache, endelea kutembea, na usilale kitandani mchana kutwa. Lala kifudifudi, ujiinue kwa viwiko kwa dakika moja au mbili, urudie mara kadhaa kwa siku, ukifuatilia ganzi inakwenda wapi: ikihama kutoka wayo kuelekea kiunoni, hata kama kiuno kinauma zaidi kwa muda, zoezi linakufaa, ikishuka zaidi mguuni, liache mara moja. Wazee wenye mfereji mwembamba zoezi hili haliwafai, wao hunufaika kwa kukumbatia magoti wakiwa wamelala chali, na kwa kuendesha baiskeli.

Kwa mshipa wa fahamu unaokwama, kaa kitini, nyoosha goti polepole huku ukiinua kichwa kutazama juu, kisha likunje huku ukiinamisha kidevu. Rudia mara kumi, asubuhi na jioni, bila kulazimisha. Kwa kigimbi kinachokaza, kinyooshe ukiwa umeegemea ukuta, sekunde thelathini kila mguu, na unapokimbia fupisha hatua na kuziongeza idadi. Wenye shinikizo la vyumba vya misuli wasipopata nafuu kwa mapumziko na mabadiliko ya mwendo wamwone daktari wa mifupa, kwa kuwa wengine huhitaji upasuaji mdogo wa kuufungua utando wa misuli.

Hatua ya saba: Kisukari, vitamini, pombe na dawa

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji asome polepole. Ganzi ya soksi, inayozidi usiku, inayowaka moto kitandani, inahitaji sukari ipimwe kabla ya kitu kingine chochote. Kiwango cha sukari cha milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, baada ya kufunga usiku kucha, ni cha kisukari kikithibitishwa kwa kipimo cha pili. Akigundulika, kurekebisha sukari ndiyo tiba ya msingi. Vidonge kama amitriptilini au gabapentini hupunguza kuungua lakini havirudishi hisia iliyopotea, navyo huandikwa na daktari.

Upungufu wa vitamini B12, ambao huharibu mishipa ya fahamu, unafuata. Vitamini hii hupatikana katika nyama, maini, maziwa, mayai, samaki na dagaa, kwa hiyo anayekula ugali wa uwele na mlenda siku zote bila chochote kitokanacho na mnyama yuko katika hatari, sawa na wazee ambao matumbo yao hayaifyonzi vizuri na wagonjwa wanaotumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka. Pombe nyingi huharibu mishipa hiyo hiyo. Dawa ya isoniazidi ya kifua kikuu inaweza kufanya hivyo pia, ndiyo sababu hutolewa pamoja na vitamini B6. Anayeitumia asiiache, aende kliniki yake aeleze. Na bado ukoma upo nchini: baka la ngozi lisilohisi mguso, jeupe au jekundu, lionyeshwe zahanati, kwa kuwa dawa zake hutolewa bure na huponya.

Kuhusu vidonge na sindano za mishipa zinazonunuliwa bila kipimo, maoni yangu ni kwamba zinachelewesha watu. Nyingi zina vitamini B6 kwa wingi, na B6 ikitumiwa kwa kiwango kikubwa kwa muda mrefu huharibu mishipa ile ile inayodaiwa kutibiwa. Sindano ya kalio ikichomwa mahali pasipofaa huweza kujeruhi mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu, mgonjwa akatoka na mguu usioinuka.

Jambo la pili la hatari ni maji ya moto. Kuchovya miguu kwenye beseni la maji ya moto na chumvi humburudisha mkimbiaji mwenye afya, lakini mwenye hisia zilizopungua hajui maji ni ya moto kiasi gani, na huungua bila kuhisi. Kidonda cha moto kwenye mguu wa mwenye kisukari kinaweza kuishia kukatwa mguu. Mwenye ganzi asipime maji kwa mguu; apime kwa kiwiko, au mtu mwingine ampimie. Asikae karibu na jiko la mkaa kuota miguu msimu wa baridi wa Juni na Julai, asikimbie bila soksi, na kila jioni akague nyayo zake na kati ya vidole kwa kutumia kioo. Miiba ya migunga ya huku kwetu hupenya soli nyembamba, naye hataihisi.

Hatua ya nane: Kwenda hospitali ukiwa umejiandaa

Nenda ikiwa wiki nne za marekebisho hazijaleta mabadiliko, na nenda mapema zaidi ikiwa kuna udhaifu, misuli inayopungua, au ganzi inayopanda. Anza zahanati au kituo cha afya, ambako shinikizo la damu na sukari hupimwa, upate rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Hospitali ya Benjamin Mkapa inapohitajika. Beba daftari, raba unazokimbilia na maboksi ya dawa zote unazotumia, zikiwemo za kienyeji. Ukishukiwa ateri, uliza kuhusu kulinganisha shinikizo la damu la kifundo cha mguu na la mkono: uwiano wa chini ya 0.9 unaonyesha ateri zimesinyaa, na tiba yake ni kuacha sigara, dawa, na mpango wa kutembea hadi maumivu yaje, kusimama, kisha kuendelea, kwa dakika thelathini au zaidi, angalau mara tatu kwa wiki kwa miezi mitatu. Picha ya mgongo kwa mashine ya sumaku (MRI) ina gharama, na si kila ganzi inaihitaji. Huhitajika zaidi panapokuwa na udhaifu au upasuaji unapofikiriwa.

Hatua ya tisa: Kurudi mazoezini

Ganzi ikikaa wiki mbili bila kurudi, anza kwa kuchanganya: dakika moja ya kukimbia na mbili za kutembea, kwa dakika ishirini, siku moja ndiyo na siku moja hapana. Chagua njia tambarare ya vumbi kabla ya lami, na uiache milima ya Chuo Kikuu hadi uweze kukimbia nusu saa mfululizo bila dalili. Wakimbiaji wengi huongeza umbali kwa kisichozidi sehemu moja ya kumi kila wiki. Ganzi ikijitokeza tena, rudi kwenye umbali wa wiki iliyopita na uandike ilianza wapi na dakika ya ngapi.